Hewa ya Kabuno isisahauliwe

Wamama wenzetu, maji ya bidoni zetu mengi yanatoka Ziwa Kivu. Chini kabisa ya ziwa hilo zimeyeyuka hewa mbili: metani, inayowaka, na hewa ya ukaa, ileile inayotia bahari za dunia asidi. Kwetu hatari ni kufumuka kwa ghafla. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa ya ukaa usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Julai 2022 Serikali yetu ilitangaza zabuni ya maeneo 3 ya gesi ziwani. Metani inaleta umeme na pesa. Lakini katika ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, iliyo nyingi ni hewa ya ukaa, nayo inaanza kujaa mita 12 hivi tu chini. Mpango wa kuitoa kwa bomba upo. Faida yake ni uhai wetu, kwa hiyo tunaomba usiachwe nyuma.

Nyumbani tukumbuke mazuku. Ni hewa hiyohiyo, nzito, inalala mabondeni. Watoto wasicheze kwenye mashimo, hasa alfajiri pasipo upepo. Ukiona mbuzi amekufa shimoni, usishuke kumtoa.