Kwa nini filamu bora ya mwaka kule Temeke inaweza kuwa ya miaka minne iliyopita

Kila mwaka ukielekea kwisha tunawauliza wasikilizaji wetu ni filamu ipi imewakosha zaidi. Ujumbe unaotoka Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala hufanana kwa jambo moja: filamu nyingi zinazotajwa hazikutoka mwaka huo. Msikilizaji mmoja wa Mbagala alitutajia picha la Kihindi la miaka minne nyuma na kuapa kwamba ni jipya kabisa. Studio nzima ilicheka. Lakini tukikaa tukafikiri, hakukosea. Kwake ni jipya, maana mwaka huo ndipo lilipomfikia likisema Kiswahili.

Filamu kubwa ya Marekani au India huanza ukumbini. Dar es Salaam kumbi za kisasa ziko ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City. Mtu wa Mbagala akitaka kwenda huko anavuka jiji zima, analipa nauli na tiketi, halafu anakuta watu wanaongea Kiingereza, au Kihindi chenye maandishi ya Kiingereza chini yake. Kwa hiyo wengi wanasubiri itafsiriwe.

Hapo ndipo kinapoingia kibanda umiza. Ni banda la mabati au turubai lenye televisheni, spika na mabenchi ya mbao. Siku za mpira wa Ulaya wanaonyesha mpira, siku nyingine wanaonyesha picha. Aliyekaa kwenye benchi hizo saa tatu hahitaji kuelezwa jina limetoka wapi. Katika vibanda hivyo Dar es Salaam ilipata wakalimani wake wa filamu, na aliyevuma kuliko wote wa zamani ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Mtu huyu mmoja alikuwa steringi, adui, mama mkwe na polisi kwa wakati mmoja. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza mila za huko, akaongeza utani, akakwambia steringi anawaza nini hata kama steringi mwenyewe kanyamaza. Baadaye sauti yake ikauzwa kwenye kanda na diski. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana VJ Jingo anayetafsiri kwa Kiganda.

Filamu ikishatafsiriwa inaingia kwenye maktaba ya muvi, yaani kile kiduka chenye kompyuta ambako unapeleka flashi au memori kadi ujaziwe. Kutoka hapo kadi inapanda basi, na siku mbili baadaye watu watano wa kijiji kimoja wameegemea simu moja. Wengi mnaosoma hapa mmezipata filamu zenu hivyo. Ndiyo maana orodha yako ya mwaka na ya mtu wa Mlimani City haziwezi kulingana.

Safari hiyo ina gharama, na mara nyingi anayeibeba ni mwenye filamu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kunakili filamu ya mtu na kuiuza bila ruhusa ni kosa. Kampuni kubwa ya Marekani haitafunga milango kwa sababu ya flashi moja ya Tandika. Mtengenezaji wa hapa nyumbani anaumia kweli. Filamu za Kibongo ziliwahi kuuzwa kwa diski kila mtaa, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulionyesha jinsi filamu hizo zilivyopendwa. Lakini nakala za bei chee na kubadilika kwa teknolojia vililivunja soko la diski.

Chukua mwaka 2021. Tungeulizwa sisi filamu zetu za mwaka ule, ya kwanza ingekuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi waliisoma kidato cha tano na sita. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee aliyoozwa, Denge anapigania uhuru, na mapenzi yao yanakutana na dola ya mkoloni. Picha zake zimetulia, na wanaocheza wanaongea Kiswahili cha watu, si cha taarifa ya habari. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake tulikuwa tumepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

Ya pili ni Binti ya Seko Shamte, yenye visa vya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Tunaipenda kwa sababu haiwageuzi wanawake hao kuwa mahubiri. Mwaka 2022 iliingia Netflix.

Hizi hazihitaji mkalimani, zinasema lugha yetu tangu mwanzo. Hata hivyo njia zilizopitia, yaani matamasha, kumbi za maduka makubwa na mtandao wa kulipia, zinahitaji nauli, kadi ya benki au bando nene. Kwa mtu wa Temeke ni rahisi zaidi kumpata Mkorea aliyetafsiriwa kuliko Denge. Njia halali zilizo karibu zaidi na vijiji ni chaneli kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv, ambako angalau anayelipia king'amuzi anajua filamu za Kitanzania zina nafasi yake.

Yule msikilizaji wa Mbagala tulimrudia, tukamuuliza kama ameiona Vuta N'Kuvute. Akasema kitabu anacho tangu kidato cha sita, kimechakaa jalada. Filamu bado anaitafuta.