Programu Mpya ya Picha Ijaribu Kama Unavyojaribu Mbegu Mpya



Leo naweka pembeni mbolea na dawa, tuzungumze simu. Lakini naanzia shambani, maana ndiko kosa lilikofanyika.

Msimu uliopita kijana mmoja mkulima wa nyanya alinitumia picha kwa WhatsApp. Imepigwa kwa mbali, juani, unaona tu majani yana mabaka na yamekauka. Nikamjibu harakaharaka: huo ni ukungu, piga dawa ya ukungu. Siku chache baadaye nikafika mwenyewe. Nikachuma jani, nikaliinua kwenye mwanga, nikaona viwavi wadogo wamo ndani ya jani lenyewe. Kumbe ni kantangaze! Dawa ya ukungu haiui mdudu. Zile siku tulizopoteza zilimla sehemu kubwa ya mavuno. Kosa lilikuwa langu, nimelikubali.

Kwa hiyo kikundi chao kilipokuja na wazo la kutengeneza programu ya simu ya kutumiana picha za mazao, nilifurahi kweli. Kisha wakanionyesha orodha: picha, bei za soko, hali ya hewa, mikopo, duka la pembejeo, pointi za zawadi. Vyote vizinduliwe siku moja, kwa akiba ya msimu mzima. Hapo nikasema, jamani, ngojeni kwanza.

Mimi si fundi wa kompyuta. Ila najua mbegu mpya hupandwa matuta mawili kabla ya kupandwa ekari nzima. Na ukifuatilia historia ya Instagram, utaona walioijenga walijifunza hilohilo, mara nyingine kwa maumivu.

1. Anza na kazi moja

Kabla ya Instagram, Kevin Systrom alikuwa na programu iliyoitwa Burbn. Ndani yake ungeweza kutangaza mahali ulipo, kupanga mikutano na marafiki, kukusanya pointi na kuweka picha. Ilikuwa na mambo mengi mno. Yeye na mwenzake Mike Krieger wakaangalia watu wanatumia nini hasa, wakaona ni picha. Wakakata mengine, wakabakiza picha, maoni na kitufe cha kupenda. Tarehe 6 Oktoba 2010 wakaitoa kwa jina jipya la Instagram.

Ni kama kupogoa nyanya. Ukiacha kila chipukizi, unapata majani mengi na matunda madogo. Kila kipengele unachoongeza kinataka pesa ya kukitengeneza, na baadaye pesa ya kukitunza. Jiulize: kama programu yetu ingefanya kitu kimoja tu, kingekuwa kipi?

2. Tafuta kinachomkwamisha mtumiaji

Wakati Instagram inatengenezwa, mpenzi wa Systrom alimwambia hatapenda kuweka picha zake humo kwa sababu si nzuri kama za rafiki yao mmoja. Huyo rafiki alikuwa anazipitisha kwenye filta za kubadili rangi. Systrom akaketi akatengeneza filta. Ona hapo: tatizo halikuwa kamera. Mtu alikuwa anaona aibu na picha zake, na filta ikamwondolea hiyo aibu.

Jingine lilikuwa mtandao wa polepole. Walipanga picha ianze kupanda wakati mtu bado anaandika maelezo yake. Akibonyeza kutuma, kazi kubwa imeshafanyika, na yeye anaona programu ina kasi. Sisi ambao mtandao unashika ukipanda kichuguu, hilo ni somo kubwa.

Sasa mkulima wetu anakwamishwa na nini? Hajui apige picha ya nini. Basi programu imwongoze: picha ya kwanza juu ya jani, ya pili chini ya jani, ya tatu mmea mzima. Upande wa chini ndiko unakoona utando mweupe wa bakajani chelewa asubuhi yenye unyevu. Ukiliinua jani kwenye mwanga, unaona njia za kantangaze. Picha tatu zingeniokoa na lile jibu langu la haraka.

3. Zindua kidogokidogo

Siku ya kwanza tu Instagram ilipata watu 25,000, na mitambo yao ikaelemewa. Na hapo ilikuwa inafanya kazi kwenye iPhone peke yake. Wenye simu za Android walisubiri mpaka Aprili 2012. Fikiria wangefungulia kila mtu siku ileile.

Hata ukishakuwa mkubwa, hatari iko palepale. Tarehe 27 Desemba 2018 watu wengi walifungua Instagram wakakuta picha zinapita kwa upande badala ya kushuka chini. Kelele zikawa nyingi! Kiongozi wake, Adam Mosseri, akaeleza kwamba lilikuwa jaribio dogo ambalo kwa bahati mbaya liliwafikia watu wengi kuliko ilivyokusudiwa. Siku hiyohiyo wakalirudisha.

Somo ni mawili. Kwanza, jaribio liwe na mipaka, kama tuta lenye kibao. Pili, kabla hujazindua, ujue utazimaje kipengele hicho na nani mwenye mamlaka ya kukizima. Usizindue Ijumaa jioni, wala wiki ya mavuno ambapo kila mtu yuko mbio.

4. Pima, kisha kubali majibu

Mwaka 2019 Instagram walianza Kanada kujaribu kuficha idadi ya waliopenda picha, wakaendelea na nchi nyingine. Hawakukimbilia kulazimisha dunia nzima. Mwaka 2021 wakaamua kila mtumiaji achague mwenyewe. Na Julai 2022, walipojaribu ukurasa unaojaza kioo kizima na watu wakalalamika sana, waliusitisha.

Kurudi nyuma si aibu. Aibu ni kung'ang'ania mbegu isiyoota kwa sababu uliinunua ghali.

Usijisifie idadi ya waliopakua programu. Kwetu hesabu ni hizi: kati ya picha zilizotumwa, ngapi zilionekana vizuri kiasi cha kutoa jibu? Wangapi walijibiwa kabla ya kesho yake? Wangapi walirudi kutuma tena wiki iliyofuata?

Vijana wetu walifikia wapi?

Akiba yao bado iko salama. Walichukua wakulima kumi, wakawaomba watume picha tatu kwa mpangilio ule, kwa WhatsApp hiihii, wiki mbili. Hakuna fundi aliyelipwa hata shilingi. Wiki ya kwanza wengi walisahau upande wa chini wa jani. Wakagundua neno "chini" linawachanganya: wengine walikuwa wanapiga jani la chini kabisa kwenye mmea! Wakabadilisha maelekezo yakawa "geuza jani", na picha zikaanza kuja sawasawa. Hilo neno moja wangeligundua baada ya kuzindua, lingewagharimu fedha na imani ya watu.

Sasa ndio wanazungumza na fundi, kwa kipengele kimoja tu. Bei za soko na mikopo vitasubiri zamu yake.

Na mimi nimejiwekea sheria: bila picha ya jani lililogeuzwa, sitaji dawa. Ukinitumia picha moja ya mbali, usikasirike nikikurudisha shambani.

Kazi njema, tukutane shambani.