Kikohozi na Hesabu Yake

Katika miezi ya Juni na Julai, wakati ukungu ushukapo kutoka kilele cha Shengena na kuifunika Chome, nyumba nzima huweza kukohoa pamoja. Chini huku Same hatuna ukungu, bali tuna vumbi, na watu hukohoa vilevile. Kwa kuwa jambo hili ni la kila siku, wengi hulidharau wakasema, "Ni kifua tu." Lakini neno kifua ni kama neno nyoka: yuko nyoka asiyedhuru mtu, na yuko yule ambaye akikuuma huenda usifike jioni. Basi yatupasa kujua namna ya kuwatenga. Nanyi wanafunzi msidhani kwamba kazi hii ni ya waganga peke yao, maana chombo chake cha kwanza ni hesabu.

Tutazame mwili kwanza. Hewa huingia puani, ikapita kooni, ikashuka katika bomba la pumzi, nalo hugawanyika kama matawi ya mti hata kufikia vifuko vidogo mno vya mapafu. Humo ndimo damu ipatamo hewa safi. Mafua hukaa huku juu, puani na kooni. Huleta chafya, kamasi na homa kidogo, kisha kwa kawaida hupoa yenyewe. Chai ya tangawizi, ile ilimwayo Mamba Myamba, ikitiwa asali hutuliza koo, nami huinywa sana. Ila mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali kamwe.

Homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi au nimonia, ni jambo jingine. Vijidudu vimekwisha kushuka hata kwenye vile vifuko, navyo vimejaa majimaji na usaha. Mtu akosaye nafasi ya hewa hufanya nini? Huvuta pumzi upesi upesi.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, nilikuwa mlimani, na jirani akaniita usiku. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa akikohoa siku ya tatu, na mwili ulikuwa moto. Nikamwamkia, naye akaniambia, "Mwalimu, kimeo kimemshuka huyu. Alfajiri nampeleka akakatwe."

Nikasema, "Bibi, niwie radhi, nipe dakika moja nimtazame."

Nikangoja mtoto anyamaze, maana aliaye au anyonyaye hahesabiwi. Nikamfunua shati, nikatazama tumbo lilivyoinuka na kushuka, jicho moja likiwa kwenye saa, dakika nzima. Pumzi 56. Sasa andikeni hesabu hizi ndani ya jalada la daftari zenu. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajatimiza mitano, akifikia pumzi 40 kwa dakika, anahema upesi kupita kiasi. Aliyetimiza miezi miwili lakini hajatimiza mwaka, kiasi chake ni 50. Aliye chini ya miezi miwili, ni 60.

Kisha nikatazama chini ya mbavu. Mtoto mzima avutapo pumzi, kifua hupanuka. Huyu kilibonyea ndani. Hiyo ni alama ya hatari. Na alama nyingine ni hizi: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au kulala asiamke vema. Mwenye alama kama hizi hangoji kupambazuke.

Kimeo ni kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho, wala si hicho kiletacho homa ya mapafu. Kukikata humtoa mtoto damu, pengine nyingi hata kumwua, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini. Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Alitaka kutenda kama alivyoona wakubwa wake wakitenda. Nikamwomba aweke mkono juu ya kifua cha mgonjwa, kisha juu ya kifua cha mjukuu mwingine aliyelala mzima kando yake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Leteni kanga, twende." Tukateremka kwa taa. Hospitalini mtoto alipewa oksijeni na sindano, na siku ya nne alikuwa akidai makande. Yule ambaye pumzi zake ni za upesi tu, bila alama za hatari, kwa kawaida hupewa vidonge vya amoksilini kwa siku tano, akanywea nyumbani. Tena tangu 2013 watoto wachanga wa Tanzania huchanjwa kuzuia aina moja kubwa ya vijidudu hivi.

Pumu nayo hubana pumzi, lakini haiambukizi. Utaijua kwa sauti kama ya filimbi mtu atoapo pumzi, na kwa kuwa huja na kuondoka. Dawa yake ni ya kuvuta kwa kinywa. Moshi wa mafiga katika nyumba isiyo na dirisha huizidisha, nao huwatayarishia watoto homa ya mapafu. Kwetu milimani moto huwashwa ndani kwa ajili ya baridi, nami siwezi kuwaambia wazee waketi gizani wakitetemeka. Lakini tundu la kutolea moshi juu ya ukuta halina gharama.

Hesabu ya pili ni ya siku. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, akitokwa jasho usiku, akikonda, au akitema damu, na apimwe makohozi. Huenda ni kifua kikuu, ambacho kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Zamani watu waliona nyumba moja ikifa mmoja mmoja, wakadhani imerogwa. Kumbe walilala chumba kimoja, wakivuta hewa ya mgonjwa. Hospitali ya Kibong'oto, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao, na siku zile hapakuwa na dawa ya kuua kijidudu hicho, ila pumziko, chakula na hewa safi.

Dawa zilipopatikana, likazuka tatizo jipya. Mgonjwa hupata nafuu mapema, akaziacha, na vijidudu vilivyosalia huzizoea. Tangu 1977 mganga Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu, alifanya kazi pamoja na waganga wa Tanzania kutengeneza njia ya kumwandika kila mgonjwa na kumwangalia anywe dawa hata mwisho. Njia iliyojaribiwa hapa kwetu ilienea duniani kote.

Hesabu ya tatu, basi, ni ya miezi. Kwa kawaida dawa hunywewa miezi sita, bila malipo: miwili ya kwanza aina nne, minne ya mwisho aina mbili. Mojawapo huufanya mkojo uwe mwekundu, wala mtu asiogope. Mgonjwa hupewa kadi, na kila siku amezapo dawa hutiwa alama. Katika nyumba ambayo wakubwa hawajui kusoma, mtoto wa shule ndiye awezaye kuisoma kadi ile na kumkumbusha babu yake. Miezi hiyo huhesabiwa kwa siku 28, na alama zote ni 168.