Mahubiri pekee hayaokoi mikoko

Maji yanapokupwa Maparoni, mizizi ya mikoko hubaki imesimama juu ya matope. Watoto huchokoa kaa mashimoni, akina baba hurekebisha nyavu, na mama huingia msituni kutafuta kuni za chakula cha jioni. Mti ule ule ambao kamba mdogo hukulia mizizini mwake ndio utakaochemsha sufuria.

Huo ndio mtihani wa kila siku wa familia za kata hii, iliyo ndani ya delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Mikoko ya delta hii inazidi hekta 50,000, na inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mwaka 2004, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kisheria mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kuivuna bila kibali ni kosa. Hata hivyo, hukatwa kwa ajili ya nguzo za kujengea, kuni na mkaa. Mingine hufyekwa kupisha mpunga, na baada ya misimu kadhaa chumvi na magugu vikishinda, shamba huachwa na lingine hufunguliwa.

Kwa miaka mingi katazo la kukata lilitoka kwa bwana misitu. Siku hizi limeingia pia katika nyumba za ibada, na miongoni mwa wanaolihubiri wamo watu ambao wengi hawakuwatarajia: Wakristo wa kiinjili, ambao mitaani huitwa walokole.

Kutoka mbinguni hadi matopeni

Kwa muda mrefu baadhi ya wahubiri wa kiinjili waliona habari za miti na samaki kuwa mambo ya dunia inayopita. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kazi ya kanisa ni kuokoa roho, na kama dunia yenyewe itateketea, kuna faida gani kupanda mti?

Wengine wakajibu kwa Biblia hiyo hiyo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinasema binadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Zaburi ya 24 inafundisha kuwa dunia ni mali ya Mungu. Kwa mafundisho hayo, mtu ni msimamizi tu, na msimamizi hutoa hesabu kwa mwenye mali.

Mwaka 1983, mchungaji wa Kianglikana kutoka Uingereza, Peter Harris, na mkewe Miranda walihamia Ureno na kuanzisha kituo cha kuchunguza ndege na mazingira karibu na mlango wa mto. Walikiita A Rocha, maana yake "mwamba" kwa Kireno. Leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi nyingi, ikiwamo Kenya.

Oktoba 2010, viongozi wa kiinjili kutoka pande zote za dunia walikutana Cape Town, Afrika Kusini, katika kongamano la Harakati ya Lausanne. Tamko lao lilisema kutunza dunia ni sehemu ya kumkiri Kristo kuwa Bwana. Miaka miwili baadaye, mkutano mwingine nchini Jamaica ulisisitiza kuwa utunzaji wa uumbaji hauwezi kutengwa na Injili.

Lakini tamko halipiki wali. Ili kujua kama mafundisho hayo yanaweza kumsaidia mama wa Maparoni, inafaa kutazama mahali yalipojaribiwa kwenye pwani hii hii.

Mgeni analipa, mtoto anasoma

Watamu, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, A Rocha ina kituo kiitwacho Mwamba. Karibu yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la takribani kilomita za mraba 420, na Hori ya Mida yenye mikoko. Familia zinazouzunguka msitu huo zilikuwa na shida inayofahamika: muhula ukifungua na karo hakuna, mti ndio akiba iliyo karibu.

Mwaka 2001 ulianzishwa mpango uitwao ASSETS. Badala ya kuwaambia wazazi waache msitu na kuwaachia mzigo wa karo, mpango huo ulianza kuwasaidia watoto wa familia jirani na msitu kusoma sekondari. Sehemu ya fedha hutokana na wageni wanaolipa ili kupita kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko ya Mida na kutazama ndege. Familia nazo hushirikishwa katika elimu ya mazingira na upandaji miti.

Hapo mzazi anapata sababu ya kuuacha mti usimame, kwa kuwa mti huo unamlipia mtoto shule. Mstari wa Biblia umeshuka hadi kwenye bajeti ya nyumba.

Mpango wa namna hiyo una udhaifu wake pia. Unaotegemea wageni hutikisika wageni wasipokuja, kama pwani nzima ilivyoonja mwaka 2020 wakati wa korona. Nayo Maparoni haina hoteli za ufukweni kama Watamu. Tanzania imefuta ada katika shule za msingi na sekondari za serikali, lakini kwa familia ya visiwani bado kuna sare, madaftari, nauli ya boti na malazi.

Kipaimara na mche

Mfano wa pili uko nyumbani. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini mkoani Kilimanjaro, vijana wanaojiandaa kwa kipaimara hupanda miti kama sehemu ya mafundisho yao. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kwa kampeni hiyo hata akaitwa askofu wa miti.

Kijana akipewa mche autunze, wazazi nao huingia kazini bila kuitwa kwenye semina. Mti unakuwa jambo la ukoo.

Hata hivyo, wakazi wengi wa delta ni Waislamu. Mchungaji akihubiri peke yake, sauti yake itaishia kwa wachache. Kisiwani Misali, Pemba, mafundisho ya Kiislamu kuhusu mwanadamu kuwa khalifa wa Mungu duniani yalitumika kuwaelimisha wavuvi juu ya uvuvi usioharibu bahari. Kwa Maparoni, imamu na mchungaji wana somo moja la kufundisha, kila mmoja kwa kitabu chake.

Moshi, mafuriko na afya

Mikoko ni suala la afya ya familia pia. Aprili 2024 mafuriko yalizikumba Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyo. Mikoko haizuii mto kufurika, lakini hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Ndiyo pia malezi ya kamba, kaa na samaki wadogo, yaani kitoweo cha watoto.

Jikoni kuna hatari nyingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo takribani milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mpaka mtungi wa gesi ufike kwa boti kwa bei inayolipika, kuni zitabaki.

Familia ianzie wapi?

Jiko banifu hutumia kuni chache na kupunguza moshi. Kuni zikauke kabla ya kuwashwa, maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kuchochea moto. Mtoto anayekohoa na kupumua haraka, au kifua kinachobonyea ndani, awahishwe kituo cha afya. Kwa mkazi wa visiwani, hiyo maana yake ni kutafuta boti mapema bila kusubiri asubuhi.

Kipato kinaweza kuongezwa kwa ufugaji wa nyuki au unenepeshaji wa kaa, kazi zinazohitaji mikoko iliyosimama. Vikundi vya akina mama, vya kanisani au vya msikitini, vinaweza kuanza kwa kuweka na kukopeshana, fedha za kwanza zikaelekezwa kwenye majiko na sare za shule.

Watoto nao wana kazi yao. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikarefuka kama fimbo, kisha ikadondoka. Mtoto anaweza kuiokota na kuichomeka kwenye matope ambako maji ya bahari hufika na kurudi. Ikipandwa pakavu, hufa.

Kama jioni hiyo mama yake ana kuni za kutosha jikoni, mche huo utapata nafasi ya kukua.