Embe, Kokwa na Midomo Inayowasha

Huku kwetu Mtwara maembe huanza kuiva wakati korosho nazo zinaokotwa. Ndiyo miezi tunayoletewa watoto wenye midomo iliyovimba na vipele vyenye maji kuzunguka kinywa. Akina mama wengi hudhani ni ukurutu au fangasi. Ukimwuliza mtoto, utaambiwa juzi alikuwa anafyonza kokwa.

Embe la kienyeji nyama yake imeshikana na kokwa kwa nyuzinyuzi. Halitoki kwa kisu kama dodo, hivyo mtoto hulimenya kwa meno, kisha hufyonza kokwa mpaka libaki jeupe. Raha yake tunaijua wote! Taabu iko kwenye ganda na utomvu wa kikonyo. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, na utomvu wa embe una kemikali zinazofanana na zile za mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuzoea kuchukia mafuta hayo aweza kuwashwa na ganda la embe pia. Muwasho hautokei papo hapo. Huja baada ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu watu hawalishuku embe.

Dawa ya kwanza ni maji na sabuni, upesi. Usikune, wala usipake utomvu mwingine wa mti. Akivimba macho au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Asiyepatana na ganda amenyewe na mtu mwingine. Mara nyingi nyama yenyewe haimdhuru.

Msiwakataze watoto maembe. Embe bivu lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho. Likiliwa pamoja na mlo wenye nazi au karanga, mwili huifaidi zaidi. Lioshwe kwanza kwa maji safi, hasa wakati wa mvua, nzi na kipindupindu.

Embe ng'ong'o nalo lina kokwa lenye nyuzi ngumu kama miiba, huchoma fizi. Mkatie mtoto vipande.

Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu; asipewe kokwa kunyamazishwa. Akishakuanza kula, ponda embe na kulichuja. Mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni katikati ya mabega mara tano. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Kunazi ni hatari zaidi kwa kuwa kokwa zake ni ndogo, na watoto huzimeza. Zikiwa nyingi hujazana karibu na njia ya haja kubwa. Mtoto aliyefunga choo na kuumwa tumbo baada ya kula kunazi asipewe dawa ya kuharisha nyumbani, aletwe zahanati.