Kisukari Nyumbani: Mboga Iwe Mlo, Ugali Uwe Kitoweo

Leo tuongee msosi.

Ukishuka Nyololo, kwenye barabara kuu ya kutoka Mafinga kwenda Makambako, pale inapochepuka barabara ya Igowole na mashamba ya chai, tumbo linauma njaa. Utanunua nini? Andazi, chapati, muhindi wa kuchoma, chipsi, na soda ya kushushia. Ukifika nyumbani unakuta ugali, au wali, au viazi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalisha nchi nzima kwa mahindi, viazi na mchele, na wenyewe tunajua kuvila!

Sasa jiulize: mtu wa nyumbani kwenu akiambiwa ana kisukari, atakula nini? Magazeti na vitabu vya nje vinamwambia aache mkate na tambi, atafute vyakula vyenye wanga kidogo. Lakini ukitaja vyakula vyenyewe, vingine hata dukani Mafinga huvipati. Matokeo yake mgonjwa anakata tamaa, anaendelea kama zamani. Au anafanya kinyume chake: anajinyima mpaka anaanguka. Makala hii inataka kukuonyesha kwamba badala ya mkate na tambi ipo tayari jikoni kwenu. Sema tu huwa inawekwa pembeni ya sahani, tena kidogo.

NI UGONJWA WA MATAJIRI?

Hapana. Zamani watu walisema hivyo, na kulikuwa na sababu. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliopima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya kila 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini. Safari hii walikuwa kama 9 kati ya kila 100. Ni kweli tafiti hizi hazikupima watu wa aina moja, kwa hiyo tusizilinganishe namba kwa namba. Hata hivyo, picha inaonekana: kisukari kimeshaingia majumbani mwetu.

WANGA UNAFANYA NINI MWILINI?

Unakumbuka somo la Baiolojia? Wanga ukiliwa unavunjwavunjwa na kuwa sukari aina ya glukosi, inayoingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili glukosi itoke kwenye damu iingie kwenye seli, mwili upate nguvu.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho lake halitoi insulini, au linatoa kidogo mno. Huyu lazima achome sindano za insulini kila siku. Mwenye aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, insulini anayo, ila mwili hauitikii vizuri na baadaye kongosho linachoka. Kwa wote wawili, sahani iliyojaa wanga inapandisha sukari haraka. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Kwa hiyo kupunguza wanga kunasaidia. Mwaka 2019 wataalamu wa Chama cha Kisukari cha Marekani walipitia tafiti za lishe, wakaona kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia ya mlo yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu.

"ETI UGALI WA ULEZI HAUNA SUKARI?"

Hili ni swali ambalo hatulikosi tukitembelea shule. Wengine wanasema ulezi, wengine dona, wengine muhogo. Mgonjwa anabadilisha unga, halafu anakula bonge lilelile la ugali, tena kwa amani kabisa!

Ukweli ni huu. Chukua gramu 100 za unga mkavu wa sembe, dona, ngano, ulezi au muhogo. Kila mmoja una wanga kati ya gramu 70 na 85 hivi. Tofauti ni ndogo. Dona na ulezi vina faida yake, kwa sababu vina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na nyuzinyuzi zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Dona ni bora kuliko sembe, sawa. Lakini bonge kubwa la dona bado ni wanga mwingi. Kubadilisha rangi ya ugali hakutoshi, inabidi kupunguza na ukubwa wake.

Sasa linganisha na hivi:

- Slesi moja ya mkate mweupe: wanga kama gramu 15.
- Kikombe cha spageti zilizopikwa: zaidi ya gramu 40.
- Gramu 100 za kabichi: kama gramu 6.
- Nusu parachichi: gramu 8 au 9, na sehemu kubwa ni nyuzinyuzi.
- Yai moja: haifiki gramu 1.
- Soda ya kola ya mililita 350: sukari kama gramu 37. Hivyo ni vijiko 9 vya chai!

Umeona? Badala ya mkate siyo mkate wa aina nyingine. Ni yai, ni parachichi, ni kabichi.

GEUZA SAHANI

Sahani yetu ya kawaida ni mlima wa ugali na mboga kidogo ya kutowelea. Kwa mwenye kisukari tunaigeuza:

Nusu ya sahani iwe mboga: majani ya maboga, mchicha, figiri, mnafu, chainizi, kabichi, bamia, biringanya, uyoga.

Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharage, njegere, dagaa, samaki, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, au mayai.

Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi. Kwa kukadiria, ugali usizidi ngumi ya mlaji mwenyewe.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, viazi. Kwetu huku mchuzi wa viazi mviringo tunauita mboga. Ukila wali kwa mchuzi wa viazi, umekula wanga juu ya wanga. Viazi vihesabiwe kwenye robo ya ugali. Pili, maharage. Maharage yana wanga pia, usidanganyike. Ila yana protini na nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo hayapandishi sukari haraka kama mkate. Yale, lakini yasiwe kisingizio cha kuongeza ugali.

Halafu anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Kula kwa mpangilio huo kunasaidia sukari isipande kwa kasi baada ya mlo.

BADALA YA MKATE NA TAMBI

Asubuhi, badala ya andazi au slesi nne: mayai ya kuchemsha na nusu parachichi, au karanga mkononi, au mtindi usio na sukari. Chai ya Mufindi inywewe bila sukari. Weka tangawizi au mchaichai, wiki ya pili ulimi utakuwa umezoea.

Chapati ya mayai: piga mayai 2, tia kitunguu, karoti kidogo na kabichi iliyokatwa ndogondogo, chumvi kiasi. Paka mafuta kidogo kikaangoni, mimina itandae iwe nyembamba, geuza. Weka majani ya maboga au uyoga katikati, kunja kama chapati. Inashikika mkononi na inashibisha.

"Tambi" za kabichi: kata kabichi vipande virefu vyembamba kama tambi. Zitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, chuja. Mimina juu yake mchuzi wa nyama ya kusaga, au wa nyanya na karanga zilizotwangwa. Hazina ladha ya spageti, tusidanganyane, lakini mchuzi ndio unaobeba ladha.

Gharama je? Kabichi na majani ya maboga huku kwetu hayana bei ya kutisha, na parachichi likiwa msimu unalipata. Kama mayai ni ghali, maharage na dagaa yapo.

ANGALIA HAPA! USIACHE DAWA

Sehemu hii isome mara mbili.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa ya kisukari. Madaktari waliwanyima wagonjwa wanga, na karibu chakula chote. Waliongeza siku za kuishi, lakini watoto walibaki mifupa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini huko Toronto, Kanada. Alikuwa na kilo 30 tu, na hali mbaya. Sindano ya kwanza haikufanya vizuri. Siku 12 baadaye alipewa insulini iliyosafishwa zaidi, sukari ikashuka. Aliishi miaka mingine 13.

Ndiyo maana hatusemi "acha wanga, utapona". Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache, hata kama anakula kabichi tupu. Na kuna hatari ya upande wa pili. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, akipunguza ugali ghafla huku dawa ni ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mlo aende kwanza hospitali au kituo cha afya, dawa ipangwe upya. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na mtoto anayekua nao wapangiwe mlo na mtaalamu.

Kwa wakubwa wetu wanaopenda ulanzi: una sukari, na una kilevi. Kilevi pamoja na dawa za kisukari, hasa kwa mtu ambaye hajala, kinaweza kumwangusha.

MWENZAKO AKITETEMEKA

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa. Shuleni wengine husema "amelewa" au "ana mapepo". Wakianza maombi au kumwagia maji, muda unapotea.

Kama anaweza kumeza, mpe haraka vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ndiyo, sukari! Hapa ni dawa. Subiri dakika 15. Kama bado, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.

Kama ni wewe mwenye kisukari na unasoma bweni, mwambie mwalimu wa zamu, matroni au patroni, na rafiki mmoja unayemwamini. Uji na makande ya shule huwezi kuyabadilisha peke yako, lakini unaweza kuomba maharage na mboga zaidi na ugali pungufu, na kula kwa wakati. Tembea na sukari mfukoni, siku zote.

UTAMWAMBIAJE BIBI?

Kwetu mtu asipokula ugali anasema hajala. Ukimwambia bibi "ugali ni sumu", umeshamkosea heshima, na hatakusikiliza. Jaribu hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, leo naomba nipike mimi. Ugali upo, ila nitapakua kidogo, mboga nizidishe. Twende hivyo wiki hii, kliniki wakikupima tuone sukari inasemaje."

"Haya, lakini nisilale na njaa."

"Hulali na njaa bibi, maharage yamo."

Hujamnyima ugali, na hujabishana naye. Umeomba wiki moja na kipimo. Tena familia nzima ile sahani ya namna hiyo, maana mgonjwa akitengewa chakula chake peke yake anajiona ametengwa yeye. Na ninyi wengine mboga nyingi hazitawadhuru!

JADILINI KATIKA KLABU YENU

1. Chora sahani ya chakula cha jana usiku nyumbani au shuleni. Wanga ulichukua sehemu gani?

2. Kwa nini kubadilisha sembe kuwa ulezi hakutoshi?

3. Mwenzenu anachoma insulini na ameamua kuacha ugali kuanzia leo. Mtamshauri nini, na aende wapi kwanza?

4. Nani shuleni kwenu anajua la kufanya mwanafunzi akishukiwa na sukari? Kama hakuna, anzeni ninyi.

Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba kila mwaka, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini. Lakini usisubiri Novemba. Kama kuna mtu nyumbani anakunywa maji mno, anakojoa mara kwa mara na anakonda bila sababu, mpeleke akapimwe sukari wiki hii.