Dawa Tatu kwa Saratani Isiyosubiri

Mtoto akivimba taya hapa Kitengela, hupelekwa kwanza kwa daktari wa meno. Mara nyingi huwa ni jipu la jino, likapona. Lakini ikiwa ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga za damu, kuchelewa wiki moja ni hatari: seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48.

Ugonjwa huu umezoeleka zaidi kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani, kwenye malaria nyingi, si katika ukame wa Kajiado. Ila Kitengela ni mji wa waliohamia, na watoto wengi hufunga shule wakaenda maeneo hayo: Siaya, Busia au Kilifi.

Tiba yake ni dawa tatu pamoja. Kwa nini moja haitoshi? Kituo cha limfoma kilipoanza Kampala mwaka 1967 chini ya daktari John Ziegler, dawa ya saiklofosfamaidi peke yake iliyeyusha uvimbe kwa siku chache, jambo la kustaajabisha. Kisha kwa wengi ugonjwa ulirudi, mara nyingine katika ubongo na uti wa mgongo. Seli chache zilizostahimili dawa zilikuwa zimezaana upya. Ndipo dawa zikachanganywa, kila moja ikishambulia mahali pake: saiklofosfamaidi huharibu DNA, vinkristini huzuia seli kugawanyika, methotreksati huinyima seli malighafi ya kujenga DNA mpya, nayo hudungwa pia katika maji ya uti wa mgongo.

Mchanganyiko huo ulijaribiwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na hospitali mbili za Nigeria. Matokeo ya wagonjwa 356 yalichapishwa mwaka 2012: baada ya miaka miwili, asilimia 62 walikuwa hai. Ulaya na Marekani watoto zaidi ya 90 kwa 100 hupona, kwa dozi kali zaidi. Mbona tusizinakili tu? Dozi hizo huangusha chembe nyeupe za damu, na bila damu ya kuongezewa, maabara ya kila siku na wodi ya wagonjwa mahututi, mtoto aweza kuuawa na tiba yenyewe. Ndiyo maana majaribio lazima yafanyike hapa, kwa watoto wetu, katika wodi zetu.

Mzazi wa Kitengela, Isinya au Kajiado mjini: taya, jicho au tumbo la mtoto likiendelea kuvimba licha ya dawa, usiongeze dozi nyingine. Omba kipande cha uvimbe kipimwe, na tiba ikianza, usikatize hata uvimbe ukitoweka.